Re: Kupoza wachezaji kati ya mechi

Ndugu, umeuliza kama kuwamwagia wachezaji maji kichwani kunatosha, kwa kuwa timu yako itacheza mechi tatu kwa siku moja. Hakutoshi. Mchezaji atajisikia nafuu, lakini joto la ndani ya mwili litabaki karibu palepale, naye atarudi uwanjani akidhani amepoa.

Sehemu kubwa ya nishati inayotumiwa na misuli hugeuka kuwa joto. Jasho nalo hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Likidondoka chini limepotea bure. Ndiyo maana siku yenye unyevu mwingi hewani huangusha watu hata jua lisipokuwa kali.

Filimbi ya mwisho ikilia, wapeleke kivulini, wavue jezi zilizolowa na vikinga ugoko. Lowesha ngozi kisha uwapepee kwa feni. Wazamishe mikono hadi viwiko kwenye ndoo za maji baridi, kama dakika kumi hivi. Wanywe kidogo kidogo, na wapate chumvi. Halafu, na hili makocha wengi hulisahau, fupisha mazoezi ya kupasha mwili kabla ya mechi inayofuata. Tayari wana joto la kutosha.

Mchezaji akianza kuyumba, kuropoka au kuchanganyikiwa, tafadhali usisubiri. Huenda joto lake limepita nyuzi 40. Mtumbukize hadi shingoni kwenye maji ya barafu papo hapo, kichwa kikishikiliwa juu, huku mwingine akiita gari la wagonjwa. Apozwe kwanza, asafirishwe baadaye.