Maswali yenu kuhusu Zinfandel ya mizabibu mikongwe

Chupa yangu ya Zinfandel, divai nyekundu ya California, imeandikwa kwamba zabibu zake ni za mizabibu mikongwe. Mikongwe kiasi gani?

Sheria ya Marekani haijaweka umri, kwa hiyo maneno hayo peke yake hayatoshi. Chama cha Historic Vineyard Society, kinachoorodhesha mashamba makongwe ya California, hutaka shamba liwe na angalau miaka 50, na angalau theluthi ya mizabibu inayozaa sasa iwe ile iliyopandwa mwanzo. Mimi hutafuta jina la shamba na mwaka lilipopandwa. Huko California, maeneo ya Sonoma, Lodi na Amador bado yana mizabibu ya karne ya 19, na kuinywa divai yake kwangu ni heshima.

Nionjeje ili ukongwe huo niuone?

Mimina kidogo, theluthi ya glasi, uzungushe, unuse kabla ya kunywa. Zinfandel haiivi kwa pamoja: kishada kimoja huwa na punje mbichi, zilizoiva na zilizonyauka kama zabibu kavu, na zote huingia pipani. Ndiyo maana funda moja lina uchachu, forosadi mbivu na utamu mzito. Katika chupa nzuri hakuna ladha inayoifunika nyingine. Isitoshe, wakulima wa zamani walichanganya shambani: katikati ya Zinfandel walipanda zabibu nyingine nyeusi, kama Petite Sirah, Carignane na Alicante Bouschet, wakavuna zote pamoja. Rangi nzito na ule ukakasi kwenye fizi mara nyingi hutoka huko. Ukishameza, tulia. Mimi hapo ndipo huipata ladha ya pilipili manga.

Yangu ilinichoma koo. Imeharibika?

Sidhani. Zinfandel nyingi zina kilevi cha asilimia 14.5 hadi 16, na joto hukizidisha makali. Iweke kwenye friji nusu saa, ifike nyuzi 16 hadi 18. Ukiinywa na nyama choma, punguza pilipili, maana nayo huongeza ule moto.

Primitivo ya Italia ni zabibu hiyohiyo?

Ndiyo. Mwaka 2001 vipimo vya DNA vilionyesha kwamba hata zabibu ya Crljenak Kaštelanski ya Kroatia ni hiyohiyo.

Kwa nini wajuzi huidharau Zinfandel ya waridi?

Kwa utamu wake. Mimi siidharau. Kampuni ya divai ya Sutter Home ilipoanza kuiuza miaka ya 1970, ikapendwa mno, zabibu za Zinfandel zikapata soko tena, na mizabibu mingi mikongwe ikanusurika kung'olewa.