Naoshima na Teshima wakati wa baridi: hesabu siku kwanza

Swali la wiki lilikuwa: je, inafaa kwenda visiwa vya sanaa vya Japani katika miezi ya baridi, au ni kupoteza nauli? Inafaa sana, ila siku za wiki zipangwe kabla ya kukata tiketi yoyote. Wanaorudi wakinung'unika mara nyingi hawanung'unikii baridi. Wananung'unikia milango waliyoikuta imefungwa.

Visiwa vyenyewe viko Bahari ya Ndani ya Seto, baina ya Honshu na Shikoku. Tamasha lao kubwa, Setouchi Triennale, lilianza 2010 na hurudi kila baada ya miaka mitatu, lakini halina msimu wa baridi. Kwa hiyo Desemba hadi Februari umati haupo, na kazi zilizo bora zaidi ni za kudumu, ziko palepale.

Sasa hesabu. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Jumba la Sanaa la Teshima hufungwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Naoshima nako, jumba la Chichu, la Lee Ufan na nyumba za sanaa za kijiji cha Honmura hufungwa Jumatatu. Zinabaki Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ambazo pande zote mbili ziko wazi. Mpango ninaoupenda ni Jumapili Naoshima, Jumatatu Teshima: wageni wa wikiendi wamekwisha rudi makwao, na Teshima inabaki yako. Ukiugeuza, Jumatatu yako imekwenda na maji. Angalia pia sikukuu. Jumatatu ya pili ya Januari ni sikukuu ya taifa, hivyo majumba ya Naoshima hufunguliwa siku hiyo na kufungwa Jumanne yake. Aliyekwisha kosea ana kimbilio moja, Benesse House, jumba lililofunguliwa 1992, ambalo halina siku ya kufungwa. Kisiwa cha Inujima na kiwanda chake cha zamani cha shaba ningekiacha kwa safari nyingine, isipokuwa kalenda ya mwezi wenyewe ikuoneshe kwamba pako wazi.

Ratiba zote huandikwa kwa saa 24, na hapo sisi tuliozoea saa za Kiswahili huteleza: 16:00 ni saa kumi alasiri, si saa kumi na sita ya kitu chochote. Teshima hufunga saa hiyo wakati wa baridi. Mwezi Desemba jua huzama karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo siku ya kutazama ni fupi mno. Majumba makubwa mawili kwa siku yanatosha.

Kuhusu boti, lala Takamatsu, mji wa bandari upande wa Shikoku, au Uno, bandari ya upande wa Honshu. Kutoka Uno hadi bandari ya Miyanoura, Naoshima, kivuko huchukua kama dakika 20. Kutoka Takamatsu ni kama dakika 50. Jioni, vivuko vya kurudi Uno huendelea hadi usiku, vya Takamatsu hukoma mapema zaidi. Kasoro iko kwenye boti ndogo za kasi za kwenda Teshima: safari zake hupunguzwa wakati wa baridi, viti ni vichache, na upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma ndizo za kwanza kuahirishwa. Kivuko kikubwa cha magari hustahimili zaidi. Ndiyo maana Teshima isiwekwe kamwe siku ya kuondoka na ndege. Piga picha ratiba iliyobandikwa bandarini ukishuka tu, maana ile ya mtandaoni uliyoipata mwezi uliopita huenda ilikuwa ya msimu mwingine.

Chichu, iliyosanifiwa na Tadao Ando na kufunguliwa 2004, tiketi yake hukatwa mtandaoni kwa saa maalumu. Wengi huchagua saa ya mwisho ili wasiamke mapema. Ni kosa, na sababu yake iko darini. Jumba limefukiwa kilimani, na michoro mitano ya mayungiyungi ya Claude Monet, mchoraji wa Kifaransa, haina taa: hupata mwanga wa mchana peke yake, unaoshuka kutoka juu. Saa tisa alasiri ya Januari yenye mawingu, kijani na zambarau huanza kufifia kuwa kijivu. Chukua nafasi ya kati ya saa tano na saa saba mchana. Ukipata wingu linalopita, usitoke. Kaa uone ukuta mzima ukibadilika rangi. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia chumba cha michoro hiyo, kwani sakafu ni vijiwe vidogo vya marumaru, basi usivae buti za kamba ndefu huku foleni inakusubiri.

Honmura, ndani ya Minamidera, mojawapo ya zile nyumba za sanaa, kuna kazi ya msanii wa mwanga James Turrell inayotazamwa gizani. Macho huhitaji dakika kadhaa kuzoea, na aliyetoka kwenye jua kali la baridi huhitaji zaidi. Zima saa ya mkononi inayowaka. Mwanga wake mmoja huwarudisha wote mwanzo.

Teshima ni habari nyingine. Jumba la Ryue Nishizawa na msanii Rei Naito, la mwaka 2010, ni ganda la zege la mita 40 kwa 60, nene sentimita 25, bila nguzo hata moja. Wajenzi walifanya tuta la udongo, wakalimwagia zege juu, kisha wakauchimba udongo wakautoa. Juu kuna matundu mawili makubwa yasiyo na kioo, kwa hiyo ndani ni baridi ileile ya nje. Chuchumaa uangalie sakafu: tone la maji hutoka kwenye kitundu kidogo, hutetemeka, hukutana na mwenzake, kisha yote mawili hukimbia kama mjusi hadi kwenye kidimbwi. Upepo ukiingia kwa juu, mkondo hupinda njiani. Huu ndio mchezo ambao baridi huufanya vizuri kuliko kiangazi. Viatu huvuliwa hapa pia, na ukikanyaga tone soksi italowa. Beba jozi ya pili ya sufu. Picha haziruhusiwi ndani.

Kutoka bandari ya Ieura hadi jumba hilo kuna kilima, hivyo kodi baiskeli ya umeme. Baridi hupunguza nguvu ya betri. Weka msaada wa juu wakati wa kupanda tu. Glavu ni za lazima, kuliko hata skafu. Ukishukia bandari ya Karato, utatembea kwa miguu takriban robo saa.

Chakula kimewaangusha wengi. Migahawa mingi ya visiwani hufunga siku ambayo majumba yamefungwa, na mingine hupumzika wakati wa baridi. Nunua onigiri, yale madonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, kabla ya kupanda boti, na chai kwenye chupa. Dukani hapohapo kuna vifuko vya kairo, vya unga wa chuma unaotoa joto ukikutana na hewa. Kimoja mgongoni juu ya shati, kimoja mfukoni. Beba sarafu za yeni 100 kwa kabati za mizigo na basi.

Ukirudi Miyanoura kabla ya kivuko, hamamu ya umma ya I♥湯 ("I love yu", yu ikiwa maji ya moto), iliyopambwa na msanii Shinro Ohtake mwaka 2009, iko hatua chache kutoka bandarini. Ni kazi ya sanaa ambayo unaingia ndani yake ukiwa umevua nguo. Oga kwanza nje ya beseni, kwa sabuni, ndipo uingie majini. Na taulo isiguse maji.