Kisima cha mtaa na pesa za kaunti: tubishe mlango gani?

SWALI: Asalaam alaykum Shangazi. Sisi ni kikundi cha kina mama na vijana wa mtaa mmoja wa Langoni, Lamu. Tuko 23. Kando ya msikiti wetu pana kisima cha zamani na baraza mbili ambapo wazee walikuwa wakikaa baada ya alasiri. Sasa kisima kimejaa taka, ukuta wake umeinama, na baraza moja imebaki nusu. Tunataka kupafufua. Tumesikia kaunti inatoa ruzuku kwa miradi ya mitaa. Kuna bwana ameahidi kutuandikia ombi kwa shilingi 15,000, nusu tumpe kabla hajaanza. Tumlipe? Na ombi lenyewe tulipeleke wapi?
Katibu wa kikundi, Langoni

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Msimlipe. Hizo pesa ziwekeni, mtazihitaji siku ya kumwita fundi kuupima ukuta. Ombi zuri ni kurasa tatu zinazosema kisima kiko wapi, kimeharibika vipi, nani atafaidika na gharama ni kiasi gani. Hayo mnayajua nyinyi kuliko mtu yeyote wa kukodiwa.

Nilikuwa mweka hazina wa kikundi kama chenu, upande wa Mkomani, na tulipoteza mwaka mzima kwa kutojua tarehe. Tulipeleka barua yetu mwezi wa Mei. Afisa aliyetupokea alitupa viti, akaisoma mpaka mwisho, kisha akatuambia makadirio ya bajeti yameshafika bunge la kaunti. Mzee mmoja wetu alikunja nakala yake mara nne, akaitia mfukoni, na njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini pesa za Julai huwa zimepangiwa kazi zamani. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti ipeleke Mpango wa Maendeleo wa Mwaka bungeni kufikia 1 Septemba, yaani miezi kumi kabla. Kisha kuna waraka wa mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kwa hivyo barua yenu ifike kwa msimamizi wa wadi, na nakala kwa mwakilishi wa wadi, Juni au Julai, wakati mpango wa Septemba bado unaandikwa. Vikao vya kuchukua maoni ya wananchi vinapotangazwa, nendeni wengi na mkae mbele. Mmoja wenu asimame akitaje kisima kwa jina lake na mtaa wake, kisha kabla hamjaondoka mwombeni karani awasomee alichoandika. Akiwa ameandika “kuboresha visima”, mwambieni aongeze jina. Neno la jumla kama hilo linaweza kuishia kuchimba kisima Witu, na nyinyi hamtakuwa na pa kudai.

Sasa hilo neno ruzuku. Watu wengi wanadhani mradi ukiingia kwenye bajeti, pesa zitatumwa kwenye akaunti ya kikundi. Sivyo. Mradi wa bajeti ya kaunti hutangaziwa zabuni na kazi hupewa mkandarasi. Kazi yenu inakuwa kusimamia kwa macho: kuomba kuona makadirio na kukataa saruji pale pasipofaa. Pesa za kuingia mkononi mwa kikundi hutoka pale tu penye mfuko uliowekewa kanuni na kutangazwa, na hapo masharti ya tangazo ndiyo ya kufuata neno kwa neno. Mfuko wa Uwezo wa serikali kuu ni mkopo wa biashara, mtaurudisha, na kisima hakitawaletea faida ya kuulipa. NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, nao ni wa kazi za serikali kuu, kama madarasa. Msipoteze nauli huko.

Karatasi za kikundi ni chache. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, kwa hivyo 23 mnatosha. Mtahitaji cheti cha ofisi ya maendeleo ya jamii, katiba ya kikundi, akaunti ya benki, na kumbukumbu za kikao mlichoamua mradi huu, zikiwa na sahihi za waliohudhuria.

Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni maneno “kando ya msikiti”. Mwanangu, ulizeni leo: ardhi hiyo ni ya nani? Lamu, kisima kilicho karibu na msikiti mara nyingi ni wakfu, na wakfu hauuzwi wala haurithiwi, wala hauguswi bila idhini ya msimamizi wake. Ombi letu la pili lilirudishwa kwa sababu hiyo hiyo. Mwendeeni msimamizi na wazee wa msikiti mkiwa na heshima zenu zote, waelezeni mnataka kufanya nini, na muwaombe barua yenye sahihi. Bila barua hiyo hakuna mhandisi wa kaunti atakayeweka kalamu.

Kama mko ndani ya Mji wa Kale, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, piteni pia ofisi ya Makavazi ya Taifa kabla ya kubomoa hata jiwe moja. Watawauliza mtajengea nini. Jibu liwe chokaa. Ukuta wa mawe ya matumbawe unapumua kupitia chokaa. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, na plasta inabanduka kwa mapande. Nimeona ukuta wa aina hiyo ukiachia vumbi kama unga ukiupitishia kiganja.

Halafu gharama, na hapa nakusihi ukae na kalamu. Makadirio yetu yaliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kujenga Lamu. Aliweka bei ya mchanga kana kwamba lori litaumwaga mlangoni. Mchanga wetu unakuja kwa jahazi, unateremshwa na wapagazi, kisha unaingia vichochoroni juu ya punda, ndani ya shogi, yale makanda ya mgongoni. Hakuna aliyewahesabu punda. Pesa zikaisha ukuta ukiwa umebaki hatua tatu, na hizo tatu tulizimalizia kwa michango ya nyumba kwa nyumba. Kwa hivyo kaeni na mwenye punda, mumuulize safari moja ni kiasi gani, kisha mhesabu safari za mawe, za mchanga, za chokaa, na za kutoa taka zilizomo kisimani, kwani hizo nazo lazima ziende mahali. Miti ya mikoko ya jukwaa la mafundi iandikeni kwa korija, yaani miti 20, kwa bei ya leo ya muuzaji, na mtaje kama ni mazio, ile myembamba, au nguzo, ile minene, maana bei zake si sawa.

Maji yenyewe msiahidi kuwa ni ya kunywa. Visima vya ndani ya mji viko karibu na vyoo, na vingi vina chumvi. Andikeni ni ya udhu, kufulia na kuogea, na muombe yapimwe. Mkijenga na birika la kuwekea maji, tieni samaki wadogo kama walivyofanya wazee wetu, wapate kula viluwiluwi vya mbu. Pigeni picha za kisima kabla ya kazi, asubuhi jua likiwa linaingia, ili ufa uonekane.

Na zile baraza, zitajeni kwa ukamilifu katika ombi. Andikeni nani alikuwa akikaa pale na sasa anakaa wapi. Mimi ningeanza ukurasa wa kwanza na hilo.

SWALI: Taa za mtaa wetu ziliandikwa kwenye bajeti iliyopita. Mwaka umeisha, taa hakuna, na kila ofisi inatutuma nyingine. Tufanyeje?
Msomaji, Faza

JIBU: Pole sana. Acheni kuuliza kwa mdomo. Andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 mkitaka kujua mambo matatu: mradi ulitengewa kiasi gani, zabuni alipewa nani, na umefikia wapi. Nendeni na nakala mbili, na yenu ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ofisi ina siku 21 za kuwajibu. Zikipita kimya, pelekeni nakala hiyo yenye mhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala. Malalamiko ya aina hii ni kazi yake, nayo haiwatozi kitu.