Nafasi ndogo, kichwa kidogo: kwa anayeanza reli ya mfano

Msomaji wa Mwanza kaniandikia wiki hii. Ana ubao wa futi nne kwa moja, na pesa aliyodunduliza anataka kununulia kichwa kikubwa cha treni, cha dizeli, cha ekseli sita. Ndugu yangu, usinunue.

Reli yangu imekaa juu ya kabati la vitabu, kwenye fleti hapa Birmingham. Nimefuata mpango wa Inglenook wa Alan Wright, ambao ni fumbo la kupanga mabehewa kwenye nafasi ndogo: njia moja ya mabehewa matano, mbili za matatu matatu. Una mabehewa manane. Unapiga kura, matano yanatoka, unayapanga kwa mfuatano huohuo. Mifuatano iko 6,720, huwezi kuimaliza. Lakini ile reli ya kuvutia mabehewa nje inatosha kichwa na mabehewa matatu tu. Class 08, kichwa kidogo cha dizeli cha Uingereza cha kupangia mabehewa, kwa kipimo cha OO (kimoja kwa 76 cha kitu halisi) ina sentimita 12 hivi. Class 37, dizeli kubwa ya ekseli sita, inakaribia 25. Hizo 13 za ziada utazitoa wapi?

Nilipokwenda dukani kutafuta kichwa kidogo, muuzaji alinitazama akasema hicho ni cha watoto, akamgeukia mteja mwingine. Bado inaniuma. Nikanunua Class 08 ya mtumba kwingine, na mwezi uliopita imefanya kazi kutwa nzima kwenye maonyesho, bila kusukumwa kwa kidole hata mara moja. Nilisimama nyuma yake kifua mbele.

Na nani kasema udogo ni utoto? Kule Marekani, makubaliano ya 1937 yalidai mtu wa pili kwenye kichwa cha dizeli chenye uzito unaozidi pauni 90,000. General Electric wakaunda cha tani 44 za Kimarekani, yaani pauni 88,000, na kampuni za reli zikakinunua ili dereva afanye kazi peke yake. Watu wenye reli za kweli walihesabu gharama. Wewe mwenye ubao unaona aibu ya nini? Tuache kununua vitu vya kuwatambia wageni.

Unapochagua, mwambie muuzaji akiendeshe polepole kabisa. Kikirukaruka, kiache. Polepole, narudia, maana kukimbia kila kichwa kinakimbia. Uliza pia magurudumu mangapi yanachukua umeme. Class 08 inayo sita. Vile vya bei rahisi vya magurudumu manne huzimika kwenye pointi (pale njia inapogawanyika) zenye plastiki katikati, kwa hiyo ukinunua cha manne, nunua na pointi za chuma kinachopitisha umeme.

Umeuliza pia kuhusu reli yenye upana wa mita moja kama yenu ya zamani. Inaigwa kwa njia ya milimita 12, na vifaa vyake ni vichache na ghali. Anza na ya milimita 16.5, ambayo ndiyo ya OO.

Kikifika, safisha magurudumu kwa spiriti kabla hujakiweka relini, halafu niandikie kinatambaaje.