Anzeni na Kiambatisho: Ushauri kwa Wanaoanza Kuandika Mikataba ya Kushirikiana Rasilimali

Wenzangu mnaoanza kazi hii mtaona mapema kwamba pande zinazokutana kujadili ushirikiano hutumia saa nyingi kuvutana juu ya asilimia za mgao wa faida, ambayo pengine haitapatikana kamwe, ilhali ugomvi wa baadaye huzuka kwenye mambo yaliyopitiwa harakaharaka: nani atabaki na mashine mradi ukiisha, nani aliruhusiwa kunakili data, na nani alipaswa kulipia matengenezo. Ndiyo maana siku hizi, nikipewa rasimu, naanza kusoma kiambatisho cha rasilimali kabla ya kifungu cha kwanza.

Katika kiambatisho hicho kila upande hutaja unacholeta. Msikubali maneno kama "rasilimali zitakazohitajika", kwa sababu hayamfungi mtu yeyote. Kifaa kitajwe kwa namba yake na hali yake siku ya kukabidhiwa, pamoja na nani atakayebeba hasara kikiharibika. Mtumishi atajwe kwa ujuzi wake, saa atakazofanya kazi kwa wiki, na mwajiri atakayeendelea kumlipa mshahara. Niliwahi kupitisha mkataba uliosema tu kwamba upande mmoja "utachangia mtaalamu". Mtaalamu alikuja kweli, siku mbili kwa mwezi, na hatukuwa na neno hata moja la kumshikia mwajiri wake. Kosa lilikuwa langu.

Baada ya hapo tenganisheni umiliki na ruhusa ya kutumia. Kile ambacho upande ulikuwa nacho kabla ya ushirikiano hubaki chake, na wengine hupewa leseni inayotaja madhumuni, muda, na kama wanaweza kuipitisha kwa mkandarasi wao. Hilo halina ugumu mkubwa. Ugumu uko kwenye matokeo yanayozaliwa na kazi ya pamoja, ambapo waandishi wengi hukimbilia sentensi inayopendeza kila sikio: "matokeo yatamilikiwa kwa pamoja". Kwa sheria ya hataza (haki ya kipekee anayopewa mvumbuzi) ya Marekani, mmiliki mwenza, pasipo makubaliano tofauti, anaweza kuutumia uvumbuzi na hata kumpa mtu mwingine leseni bila idhini ya wenzake na bila kuwagawia mapato. Kwa kifungu cha 36 cha sheria ya hataza ya Uingereza ya mwaka 1977, anaweza kuutumia mwenyewe, lakini hawezi kutoa leseni bila ridhaa yao. Sentensi ni ileile, na matokeo yake ni tofauti kabisa. Mimi hupendelea upande mmoja umiliki na mwingine upewe leseni pana isiyofutika. Ikishindikana, basi kifungu kiseme wazi nani atalipia usajili, nani atawashtaki wanaoutumia uvumbuzi bila ruhusa, na idhini ya mwenzake itahitajika kwa jambo gani.

Angalieni pia vitenzi. Katika shauri la Chuo Kikuu cha Stanford dhidi ya Roche, lililofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2011, mtafiti alikuwa amesaini na chuo kwamba "anakubali kukabidhi" haki za uvumbuzi wake, kisha akasaini na kampuni aliyokwenda kujifunza mbinu zake, ambayo haki zake baadaye zilifika kwa kampuni ya dawa ya Roche, kwamba "anakabidhi" haki hizo papo hapo. Mahakama ya rufaa iliyapa nguvu maneno ya pili, kwa kuwa ya kwanza yalikuwa ahadi tu, na chuo kikashindwa. Kwa hiyo kagueni kwanza kama kila upande unazo haki za watumishi wake unazoahidi kuzigawa.

Ikiwa rasilimali ni mbegu, vimelea au sampuli nyingine za viumbe, mkataba wenu hautoshi peke yake: Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa mwaka 2010 ulioanza kutumika mwaka 2014, inahusu idhini ya awali ya nchi zinakotoka na mgawanyo wa manufaa, na sheria za nchi hizo husomwa kabla ya sampuli kusafirishwa.

Kifungu cha kujitoa huachwa hadi mwisho, watu wakiwa wamechoka, nacho ndicho kitakachosomwa kwa makini siku uhusiano utakapoharibika. Kiseme taarifa itatolewa siku ngapi kabla, vifaa vitarudishwa wapi na kwa gharama ya nani, leseni zipi zitaendelea kwa wanaobaki, na data ipi itafutwa na nani atathibitisha kwamba imefutwa. Kama upande unaojitoa ndio wenye mashine pekee inayotegemewa, wekeni kipindi ambacho wengine wataendelea kuitumia kwa malipo. Kabla ya kusaini, mpeni rasimu mtu anayeshika funguo za stoo na yule anayeiendesha mashine yenyewe. Maswali yao huonyesha mapengo ambayo mawakili wa pande zote mbili wameyaruka.