Beringi za difu: usikubali nati ya pinioni ifungwe kwa alama ya panchi

Mkuu, simamisha hiyo kazi kwanza. Nimesoma bandiko lako na damu imenichemka. Unasema uko Moshi, Hilux yako inavuma nyuma ikifika spidi 60, fundi wa mtaani kwako kasema beringi za difu (lile kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma) zimekwisha na atazibadilisha Jumamosi hapohapo uani, na kwamba spesa mpya, kile kibomba kinachokaa kati ya beringi, usinunue kwa sababu "atapiga alama ya panchi kwenye nati ya pinioni, airudishe palepale". Halafu unatuuliza bei ya ufundi, oili gani uweke, na kama ni heri ununue difu nzima ya mtumba. Bei iache kwanza. Pinioni ndiyo gia ndogo inayoizungusha krauni, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, na hiyo alama ya panchi, kidoa kinachogongwa kuonyesha nati ilipokaa, ndiyo itakayokumaliza.

Maneno hayohayo niliambiwa na fundi mmoja hapa Arusha, kwa sauti ya mtu anayejua, nami nikakubali. Nilimuuliza atajuaje kama amekaza sawasawa. Akazungusha flenji, ile sahani inayounga pinioni na propela shafti inayoleta nguvu kutoka mbele, kwa vidole viwili, akafumba macho, akasema, "Bosi, mimi nasikia kwa mkono." Kwa mkono unapima chumvi ya mboga, hupimi difu! Na muuza spea aliyeniuzia beringi naye akamuunga mkono kwamba spesa ni ya kuwalia watu hela. Hao wawili wamenitia hasara ambayo hakuna aliyerudi kunisaidia kuilipa.

Ngoja nikueleze kilichomo ndani ndipo utaelewa kwa nini napiga kelele. Pinioni imeshikwa na beringi mbili za rola zilizolala mshazari, moja nyuma ya kichwa chenye meno, nyingine mbele karibu na flenji ya propela shafti. Katikati yao kuna kibomba kifupi cha chuma laini, ndiyo hiyo spesa. Ukikaza nati, spesa inabonyea kidogo kidogo, beringi zinasogeleana, rola zinaanza kubanwa ndani ya vikombe vyake. Huo mbano ndio mkazo wa beringi, na una kipimo chake kwenye kitabu cha gari. Ukipungua, pinioni inacheza mbele na nyuma kila ukikanyaga na kuachia mafuta, meno yanahama sehemu yanapokutana, yanatafunana. Ukizidi, oili inakosa nafasi ya kukaa kati ya rola na kikombe, chuma kinasugua chuma, joto linapanda. Na spesa ikishabonyea hairudi. Hata ukilegeza nati baadaye, imeshakuwa fupi moja kwa moja.

Sasa alama ya panchi. Ina maana kidogo pale unapofungua nati kubadili oili sili tu, ule mpira unaozuia oili isivuje, beringi zikabaki zilezile, na hata hapo wapo mafundi makini wasioikubali. Ukishaweka beringi mpya, alama imekufa. Mpya na zilizolika haziwezi kulingana upana. Tofauti ya sehemu chache za mia za milimita inatosha kuutoa mkazo kwenye kipimo. Alama inakuonyesha nati ilipokaa kwa beringi ambazo saa hiyo ziko kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Gari yangu ilitoka gereji imenyamaza kabisa, nikamsifu na yule fundi. Nikashika njia ya kuja huko kwenu. Usa River nikaanza kusikia harufu ya oili iliyoungua, nikadhani ni lori lililokuwa mbele yangu. Nilipopita Kikatiti mvumo ukaanza, mwembamba, kama nyuki ndani ya chupa. Nikasimama kando ya barabara, nikainama, nikamwagia difu maji ya kunywa. Yalichemka yakiruka juu ya chuma. Nikaisubiri ipoe, nikaondoka polepole, na kabla sijafika njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ikagonga mara moja nyuma, matairi yakakwama, gari ikaburuzika hadi ukingoni.

Ilipofunguliwa, oili ilikuwa nyeusi yenye vumbi la fedha linalong'aa. Rola za beringi ya mbele zilikuwa zimegeuka rangi ya bluu, keji yake, ile fremu inayozipanga rola, imekatika vipande, kipande kimoja kimeingia kwenye krauni kikang'oa meno. Hapo beringi si habari tena. Krauni na pinioni zinasagwa pamoja kiwandani, zinauzwa kwa jozi, huwezi kununua moja ukaiunganisha na mwenzake wa zamani. Nikanunua jozi, nikanunua beringi upya, nikalipa gari ya kuivuta, nikalipa fundi mwingine. Yote kwa sababu ya kibomba cha chuma ambacho bei yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hiyo. Yule fundi nilipompigia akasema barabara ya huko ina joto!

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: asiye na spesa mpya na kipimo cha mkazo asiiguse nati ya pinioni. Awe mjomba wako, awe amefunga Land Cruiser za watalii tangu ujana wake.

Kipimo chenyewe hakihitaji gereji ya kifahari. Toki renchi (spana yenye kipimo cha nguvu) kubwa ya kukazia magurudumu haifai hapa, maana mkazo huu ni mdogo mno haiusomi. Inatakiwa ile ndogo yenye mshale. Kama haipo, tumia mizani ya kuvuta, ile ya ndoano ya kupimia mizigo. Zungushia kamba kwenye flenji, vuta taratibu, soma kilo wakati pinioni inazunguka. Mfano: kitabu kikitaka nyutoni mita 1.5, na kamba imekaa sentimita 5 kutoka katikati ya pinioni, mizani isome karibu kilo 3. Tafuta namba ya difu yako wewe, usichukue ya Hilux ya jirani, na uangalie kitabu kinasema nini kuhusu oili sili, iwepo au isiwepo wakati wa kupima. Beringi mpya zina namba yake na zilizotumika zina yake, iliyo ndogo zaidi. Pima kabla hajarudisha krauni ndani, la sivyo unapima uzito wa kila kitu.

Namna ya kukaza: flenji ishikiliwe kwa chuma kirefu, maana kuibonyeza spesa mpya kunataka nguvu nyingi kuliko unavyodhani. Nati isogezwe kidogo sana, pinioni izungushwe mizunguko kadhaa ili rola zikae, ipimwe, isogezwe tena. Mwishoni mkazo unapanda ghafla, na hapo ndipo wenye haraka wanapoharibu. Akipitiliza, asikuambie "nitalegeza kidogo". Anatoa kila kitu na kuweka spesa nyingine. Ndiyo maana nakuambia nunua mbili tangu mwanzo. Zipo difu zenye spesa ngumu isiyobonyea, hizo mkazo unarekebishwa kwa shimu, yaani bati nyembamba za kujazia nafasi, lakini kipimo ni kilekile, hakikwepeki.

Mengine nayapitia haraka. Shimu iliyo chini ya beringi ya kichwa cha pinioni isipotee, ndiyo inayoamua pinioni inaingia kina gani. Vifuniko viwili vya beringi za pembeni vichongwe alama kushoto na kulia kabla ya kufunguliwa, kwa sababu vimetobolewa pamoja na nyumba yake na havibadilishani. Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni ipimwe kwa dayo geji, saa ya mshale inayosoma sehemu ndogo za milimita. Hilux nyingi zinataka milimita 0.13 hadi 0.18, ikirekebishwa kwa zile nati kubwa za pembeni. Halafu meno yapakwe rangi, yazungushwe, uone yanagusana katikati au pembeni. Ulizia huko Moshi au panda Arusha. Mji huu una gari nyingi za safari, na mafundi wenye dayo geji wapo. Kwa kazi ya difu, hiyo safari ni bora kuliko ua wako.

Na je, una hakika ni difu? Ipandishe kwenye stendi imara, zungusha kila gurudumu la nyuma kwa mkono huku umeshika springi; beringi ya ekseli iliyochoka utaihisi inakwaruza kiganjani. Mvumo unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta ndio unaoelekea kwenye pinioni. Fungua pia nati ya kumwagia oili uangalie sumaku yake. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vyenye kingo unavyoweza kuvishika kwa kucha ni chuma kinachomeguka.

Oili weka ya gia ya daraja la GL-5, unene wa 80W-90 au 85W-90, kama kitabu chako hakisemi vingine. Pinioni ya difu hii imekaa chini ya katikati ya krauni, kwa hiyo meno yanateleza wakati yanasukumana, na oili ya injini haiwezi huo mzigo.

Leo jioni mpigie huyo fundi wako umuulize mkazo wa pinioni ataupima kwa kifaa gani, na akuonyeshe hicho kifaa. Akisema uzoefu, mwambie Jumamosi umepata dharura. Kisha tuwekee hapa namba ya difu iliyoandikwa kwenye kibati cha gari, nitakutafutia kipimo chake kwenye kitabu nilichonacho.