Daftari langu la shukrani limekuwa kama orodha ya mahudhurio

Shangazi, tangu mwezi uliopita naandika mambo kumi ya kushukuru kila usiku. Wiki ya kwanza nilijisikia vizuri. Sasa ni yale yale tu: uhai, afya, watoto, kazi. Juzi nimeandika "kazi" ilhali mchana wake bosi alinifokea mbele ya wenzangu. Nikajiona mnafiki. Au mimi sina shukrani?
– Mnafiki wa Daftari

Mwanangu, moyo wako hauna tatizo. Kosa liko kwenye hesabu. Kumi ni mengi mno. Ukifika la sita akili imeishiwa, inaanza kuokota ya jana, na mkono unaandika peke yake kama mwanafunzi aliyepewa adhabu ya kunakili.

Andika matatu, mara moja kwa wiki. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake walieleza jaribio la wiki sita: walioandika mara moja kwa wiki furaha yao iliongezeka, walioandika mara tatu haikuongezeka. Inaelekea ni mazoea, maana kitu cha kila siku jicho hukiruka. Utasikia pia zoezi la mwanasaikolojia mwingine, Martin Seligman, la mambo matatu kila usiku. Hilo watu walipewa kwa wiki moja tu, na kila jambo lilitakiwa kuandikwa pamoja na sababu yake.

Hiyo sababu ndiyo uliyoiacha wewe. "Watoto" ni neno la kujaza fomu. Tuseme ungeandika hivi: "Jumanne binti yangu alifunika chai yangu kwa kisahani isipoe, kwa sababu alinisikia bado naongea na simu." Hapo pana siku, pana mtu, pana alichofanya na kilichomsukuma. Wiki ijayo huwezi kuirudia sentensi hiyo hata ukitaka. Ukikwama kwenye "kwa sababu", basi hilo jambo hukuliona, umelikumbuka tu. Lifute, tafuta dogo zaidi.

Suala la bosi ni jingine kabisa. Shukrani si kifuniko cha kubana hasira. Wiki hiyo usiandike "kazi". Fungua ukurasa wa mwisho wa daftari, andika alivyokufokea, neno kwa neno, na utakalomwambia mkiwa wawili. Anayekuambia "shukuru hata hiyo kazi unayo" anakunyamazisha, na wewe ulikuwa umeanza kujinyamazisha mwenyewe.

Kuhusu muda: usiandikie kitandani, usingizi utakufupishia kila kitu. Chagua siku moja na uifunge kwenye jambo usilolikosa, mathalani ukishamaliza kuosha vyombo. Kalamu ikae ndani ya daftari. Simu sikushauri, ukiifungua tu, ujumbe wa watu unakuwahi. Dakika kumi zinatosha. Ukikosa wiki, imepita, usilipe deni kwa kuandika sita.

Wiki kavu zitakuja. Hapo chagua mtu mmoja unayempenda, uandike nusu ukurasa jinsi mngeweza kabisa kutokutana: ungechelewa wapi, nani asingewatambulisha.

Na jambo likimhusu mtu aliye karibu, mwambie kabla ya zamu nyingine ya daftari. Sentensi ile ile, bila kuipamba. Akicheka tu na kubadilisha mazungumzo, mwache, amesikia.